Ruta Tatu na Kengele Moja

Nesi alisema dakika tatu. Alisema huku anavua glavu, kwa sauti ya mtu anayekuelekeza muda wa kuchemsha yai. Makohozi yakimkaba mke wangu, nina dakika tatu za kumlaza ubavu, kuwasha ile mashine ndogo ya kuvuta na kumwingizia mrija. "Nne, ukiwa na bahati," akaongeza. Kisha akachukua mkoba wake akaenda zake, akaniachia mimi hizo dakika.

Mimi ni mwoga, niseme mapema tusije tukalaumiana. Miaka thelathini na mmoja nimepanda nguzo za simu, nimening'inia juu kwa mkanda mmoja kiunoni huku mvua inanipiga usoni, na sikuwahi kuogopa nusu ya nilivyoogopa kuanzia siku ile. Mtaani wananiita Mzee Waya. Nimevuta waya, nimeunga waya, nimewafundisha wengine kuvuta waya. Haya mambo ya hewani, ya kitu kuongea na kitu bila kushikana popote, sikuwahi kuyaamini hata kidogo. Na ndiyo hayohayo yaliyoshika pumzi ya mke wangu.

Kiharusi kilimpiga mwaka jana. Kikachukua upande wote wa kulia na karibu maneno yote. Akabakiwa na mkono wa kushoto, macho makali kuliko zamani, na maneno machache anayoyatoa mojamoja, kwa jasho. Binti yetu, ambaye kazi yake iko mbali, alituletea kengele: kidude cha kushika kiganjani chenye kitufe chekundu juu, mahali pa kidole gumba. Mama akibonyeza, simu yangu inalia. Hakipitii kwa kampuni yoyote ya simu. Kinaitafuta simu yangu humohumo ndani, kwenye waifai ya nyumbani.

"Baba, maadamu kengele na simu yako ziko kwenye waifai moja, itakufikia popote ndani ya nyumba," binti aliniambia.

"Sawa," nikasema. Siku hizi nasema sawa kwa mambo mengi.

Kwa miezi saba kengele ile ilinitumikia vizuri, kwa sababu kitanda chake kilikuwa sebuleni, hatua nne kutoka kwenye ruta, kile kisanduku kinachorusha waifai. Kidole kikigusa, simu inapiga kelele, mimi huyo. Nilimvuta makohozi mara sita kwa njia hiyo. Nilianza kulala tena, hata kama ni kwa jicho moja.

Asubuhi moja, nikiwa nampangusa mdomo, akaniambia: "Chumbani."

"Chumbani kuna nini?"

"Kwangu."

Nilijifanya sijaelewa. Nilielewa sana. Kila mgeni aliyeingia kwetu, awe msoma mita au jirani wa kuazima ngazi, alimkuta mke wangu amelala pale katikati ya viti, na nepi, na beseni, na nywele zake ambazo mimi sijui kuzisuka. Mwanamke ambaye zamani hakufungua mlango kabla hajavaa hereni. Alitaka chumba chake, dirisha lake la uani, mlango wa kufunga.

"Waifai haifiki chumbani, mama," nikamwambia. "Inaishia jikoni. Ukibonyeza kule ni sawa na kubonyeza kokwa la embe."

Akageukia ukutani. Akasusa uji, akasusa na dawa. Ukimjua mke wangu hutashangaa. Aliwahi kuninunia siku kumi na moja kwa sababu ya pazia.

Nikampigia binti. "Baba, ongeza ruta mbili," akasema. "Moja koridoni, moja chumbani. Muite fundi, ni kazi ya saa moja."

"Fundi ni mimi."

"Baba..."

"Baba nini? Nusu ya mji huu walisema halo kwa mikono yangu."

Nikamsikia anashusha pumzi. "Haya. Basi ruta zote zipe jina moja na neno la siri moja, ili simu ihame yenyewe ukitembea. Na ukikwama, Mama Printa yupo pale kona."

Mama Printa ni mama mwenye duka la kuchapisha makaratasi na kutengeneza kompyuta, mwenye sauti ya kusikika mtaa wa pili. Ni fundi mzuri, nakubali leo. Siku ile nilikuwa sikubali. "Nikikwama," nikamjibu binti. "Nani kakwambia nitakwama?"

Basi nikanunua ruta mbili. Nyumba yetu ni ndefu na nyembamba, ya matofali mazito: sebule mbele, jiko, kisha korido yenye bafu na stoo, na mwisho kabisa chumba chetu. Nilivuta waya kutoka ruta ya sebuleni, nikaupitisha juu ya milango, nikaupigilia vishikizo kila shubiri moja mpaka koridoni, nikafunga ruta ya pili juu ya kabati. Kutoka hapo nikauendeleza hadi chumbani, ruta ya tatu nikaitundika juu ya dirisha. Waifai ni bila waya, eti. Nilitumia mita ishirini na mbili za waya kuiweka hiyo bila-waya.

Nilipomwambia hivyo, mke wangu alicheka kwa ule upande wake unaocheka. Nikafurahi kiasi kwamba nikashika vibaya nyundo nikajigonga kidole.

Kisha nikakaa na kompyuta ya zamani aliyoiacha binti, kuzipa ruta zile maagizo. Jina moja, sawa. Neno la siri moja, sawa. Halafu ukatokea ukurasa unaouliza kama ruta hii itoe namba kwa vifaa vinavyojiunga nayo. Hapo nikatabasamu peke yangu. Maana hii lugha naijua! Kila simu ina namba yake, na namba inatolewa na kituo chake. Kituo cha mashariki kinawapa namba wateja wa mashariki, cha magharibi kinawapa wa magharibi. Wakati wetu, mtu aliyeacha kituo bila namba zake alikuwa anaitwa ofisini siku hiyohiyo. Basi nikaandika, kwa mwandiko wangu mzuri kwenye daftari: sebuleni, namba za kumi; koridoni, za ishirini; chumbani, za thelathini. Vituo vitatu, kila kimoja na wateja wake. Nikabonyeza ndiyo, ndiyo, ndiyo.

Hapo ndipo nilipoukata mkono wa mke wangu aliobakiwa nao. Na niliukata huku napiga mluzi.

Asubuhi iliyofuata, jirani mwashi na kaka yake walikuja kubeba kitanda. Tukampeleka chumbani mwake. Alipoona dirisha, machozi yalimtoka yakaenda sikioni, na mimi nikajitia kutafuta mto.

Sasa majaribio. Nikasimama kando ya kitanda. "Bonyeza." Simu ikalia. Nikatoka koridoni nikapaza sauti, "Bonyeza!" Ikalia. Jikoni, ikalia. Sebuleni, ikalia kidogo kwa kuchelewa, lakini ikalia. Nikaenda mpaka mlango mkubwa, nikashika komeo. "Bonyeza!" Ikalia. Nikarudi chumbani nikaanza upya. Nikapima mara tano kwa mtindo huo, kutoka kwake kwenda mbele, kutoka kwake kwenda mbele, maana moyo wangu ulikuwa haujatulia. Mara ya sita hakubonyeza. Nikakimbia kwenda kumwona, roho mkononi, nikamkuta ananikatia jicho.

"Kidole," akasema. "Kimechoka."

"Haya mama, haya. Nimeacha."

Sikuacha. Kengele ilikuwa na taa ndogo ya kijani kuonyesha kwamba imepata waifai, na programu ya kengele kwenye simu yangu nayo, simu ikishapata waifai, iliandika "Tayari" kwa rangi hiyohiyo ya kijani. Nilitazama ile kijani ya simu, kisha nikaenda kuhakikisha ile ya kengele, kisha nikarudi. Kila dakika tano nilikuwa mlangoni kwake. Natia kichwa, naangalia kifua kama kinapanda, natoa kichwa. Hofu yangu haikuwa na haya wala adabu. Niliona makohozi hata pale aliposafisha koo tu.

Mara ya nane au ya tisa akaniita ndani kwa kidole.

"Acha," akasema.

"Niache nini?"

"Kunichungulia." Akapumzika. Maneno yalikuwa yanamgharimu. "Mimi... si maiti."

Akainua kidole kimoja. Saa moja, ndiyo maana yake: nisimkanyagie mlango mpaka saa moja ipite, labda kengele ilie. Nikabishana. Akafunga macho. Ukibishana na mtu aliyefunga macho unaonekana mjinga hata kwako mwenyewe, kwa hiyo nikakubali, shingo upande. Nikahakikisha kidude kimekaa vizuri kiganjani, kidole gumba juu ya kitufe, nikarudishia mlango. Saa ya ukutani ilikuwa saa sita kasoro dakika ishirini.

Muda si muda nikasikia hodi. Ni yule mwashi, alikuwa amesahau koti lake. Nikampa, nikamsindikiza hadi nje ya geti, simu mfukoni, tukaongea maneno mawili matatu kuhusu ukuta wake, nikarudi ndani. Dakika tatu hazikufika. Najua kwa sababu siku zile nilikuwa napima kila kitu kwa dakika tatu.

Nikakaa sebuleni. Simu nikaiweka mezani mbele yangu, uso juu. "Tayari," kijani. Pale kilipokuwa kitanda pamebaki alama nne za miguu sakafuni na vumbi katikati, nikajisemea nitafagia, sikufagia. Nikachukua kifuniko cha chupa nikawa nakizungusha juu ya meza. Nyumba ilikuwa kimya. Mwanzoni kimya kile kilinipendeza, nikajipongeza: umeona, Waya, mwenzio amepumzika, na wewe pumzika. Halafu kikaanza kunitisha.

Nikaangalia saa. Saa sita kamili. Bado dakika arobaini za ahadi. Nikajikaza kisabuni. Nikahesabu vishikizo vya waya niliopigilia juu ya mlango, nikafika kumi na nne, nikapotea, nikaanza tena. Ikilia nitakimbia, nilijiambia. Isipolia yuko salama. Isipolia yuko salama. Nilirudia hivyo kama mtu anayembembeleza mtoto, na mtoto hakubembelezeka. Jasho jembamba lilinitoka mgongoni, nami nimekaa kitini sifanyi kazi yoyote.

Saa sita na dakika saba nikasema potelea mbali. Aninunie siku kumi na moja, aninunie mwezi. Nikajaza glasi ya maji iwe kisingizio, simu nikaitia mfuko wa shati, nikaanza kunyata. Jiko, kimya. Korido, kimya. Nikasogeza mlango kwa bega.

Simu ikalipuka kifuani mwangu. Ikalia kwa nguvu zake zote.

Na mimi, jamani, nilifurahi. Nisifiche. Kwa muda wa kupepesa jicho nilifurahi kwamba inafanya kazi, kwamba fundi ni mimi.

Kisha nikamwona. Uso wake ulikuwa rangi ya majivu, midomo inaelekea weusi. Macho yalikuwa yameelekea mlangoni, wazi kabisa, yananitazama. Kifua kilikuwa kinajivuta bila kuingiza kitu. Na kidole gumba kilikuwa kinabonyeza. Kinabonyeza, kinaachia, kinabonyeza, na kila kikibonyeza simu inanipigia kelele mfukoni.

Glasi sijui niliitupa wapi. Nilimshika bega na nyonga nikamlaza ubavu, nikawasha mashine, kwa haraka zangu mrija ukampiga shavuni badala ya kuingia mdomoni. Nikaushika kwa mikono miwili. Nilisikia sauti yangu inasema "mama, mama, mama, mama," sauti ya mtoto, si ya mzee wa miaka sitini na nane. Mashine ikakoroma. Haikutoa kitu. Nikausogeza mrija. Haikutoa kitu. Nikampiga mgongoni kwa kiganja, tatu, nne, nikarudisha mrija, na kitu kikaachia, kikapita kwenye mrija kwa sauti chafu, na mke wangu akavuta hewa.

Ilikuwa sauti mbaya, kama mlango wa bati unaburutwa. Sijasikia nyingine nzuri kuliko hiyo. Akavuta ya pili, akakohoa, akavuta ya tatu. Rangi ikaanza kurudi kuanzia masikioni. Mimi nilikuwa nimepiga magoti kwenye vipande vya glasi na sikujua. Na simu bado inalia, kwa sababu kidole chake kilikuwa bado kinabonyeza. Ilibidi nikifungue kwa mkono wangu, taratibu, mpaka kikaacha.

Nikamwita nesi, akaja mbio, akasikiliza kifua, akasema kimesafishika. Akanitazama goti. "Ameponea chupuchupu, mzee," akasema. "Ulichelewa kusikia?"

"Haikulia," nikasema. "Naapa haikulia."

Nesi akainamia goti langu. Akanifunga bandeji.

Nikatoka hadi getini nikamwomba mwashi anikimbilie kona. Mama Printa alifika na kompyuta yake kwapani, akanipa shikamoo yake ya haraka, hakusubiri marahaba. Akatazama simu yangu. Akatazama ruta ya sebuleni. Akasoma daftari langu lenye mwandiko mzuri, akalirudisha mezani polepole.

"Mzee wangu. Nani alikwambia kila ruta itoe namba?"

"Ndivyo ilivyo. Kila kituo na namba zake."

"Kwenye simu za mezani, sawa. Hapa umejenga nyumba tatu, ukaandika jina moja kwenye milango yote." Alikuwa anaongea chini, yeye mwenye sauti ya mtaa mzima, na hilo lilinitisha zaidi. "Kengele iko nyumba ya tatu. Simu yako ilikuwa nyumba ya kwanza. Kengele inaita ndani ya nyumba yake, haivuki ukuta. Ndiyo maana ulipoingia chumbani tu, simu ikadakwa na ruta ya chumbani, ikaanza kulia."

"Lakini nilipima! Mara tano! Ililia mpaka mlango mkubwa!"

"Ulianzia wapi kupima?"

"Kwake. Kitandani."

"Basi. Simu ikishashika ruta moja huwa haiiachii upesi. Ulitoka nayo chumbani, ikang'ang'ania ruta ya chumbani mpaka huku mbele, hata kwa nguvu kidogo tu iliyobaki. Halafu baadaye ulitoka nayo nje? Huko waifai inakatika, na ukirudi simu inashika ruta ya kwanza kukutana nayo, ya sebuleni."

Nikakumbuka koti la mwashi. Nikakaa chini.

Aliondoa ule utoaji wa namba kwenye ruta mbili, akaiachia ya sebuleni peke yake. Akachomoa waya kwenye tundu nililokuwa nimeuchomeka, akauhamishia tundu la pembeni yake, kwenye ruta ya korido na ya chumbani vilevile. Sasa ilikuwa nyumba moja. Dakika kumi, hazikuzidi. Miaka thelathini na mmoja ya kazi yangu, na nilikuwa nimeshinda kutwa nzima nikichonga lile kosa kwa ufundi.

Kisha akanionyesha kitu kwenye programu, nadhani hakutaka, ila mimi niliuliza. Kengele ile inatunza kumbukumbu ya kila inapobonyezwa, na ilipoiona simu iliikabidhi orodha yote. Mara ya kwanza ilikuwa saa sita na dakika nne. Mpaka naingia chumbani, mara thelathini na mbili. Mimi nilikuwa sebuleni, nazungusha kifuniko cha chupa, najiambia isipolia yuko salama.

Nikaenda chumbani. Mke wangu alikuwa ameegemezwa mito, anatazama dirisha. Nikakaa ukingoni mwa kitanda, nikaanza kumweleza. Ruta, namba, vituo, ukuta. Nikajisikia ninavyosema, maneno mengi, ya kitaalamu, na kila nilivyozidi kueleza ndivyo yalivyozidi kufanana na uongo.

Akageuza kichwa.

"Nilijua," akasema.

"Ulijua nini, mama?"

"Unasikia."

Sikuelewa. Nilidhani ni kiharusi kinachanganya maneno. Akafunga macho, akayakusanya, akanipa moja baada ya jingine.

"Nilibonyeza. Nikajua... unasikia. Huji." Akavuta pumzi. "Nikasema... amechoka." Akavuta nyingine. "Ana haki."

Jamani. Nimeanguka kwenye nguzo mara mbili maishani mwangu na nimevunjika mbavu, sijui maumivu yoyote ya kulinganisha na yale. Kwa dakika tatu alikuwa amelala pale anakata roho, macho mlangoni, akijua mimi nipo hatua kumi na tano kutoka kwake, naisikia kengele, nimeamua kukaa. Na alikuwa amenisamehe tayari. Aliyamaliza yote hayo peke yake, huku anabonyeza.

"Hapana," nikasema. "Hapana, mama, hapana, sikusikia. Wallahi sikusikia." Nikamshika mkono. Mkono haukunishika. Alinitazama kwa upole, namna unavyomtazama mtu anayejitetea bila sababu, na upole ule ndio ulionitia hofu kuliko makohozi. Hakuniamini. Mke wangu alikuwa hai, anapumua, na alikuwa anaamini kwamba nilimwacha afe.

Mama Printa alikuwa mlangoni. Alisikia yote, aliinamisha kichwa. "Tujaribu sasa, mzee," akasema kwa sauti ndogo. "Mimi nikae naye. Wewe nenda mbele na simu. Toka nje ya geti kwanza, ndipo uingie."

Nikatoka. Nikasimama barabarani mpaka waifai ikakatika, nikarudi, nikasimama katikati ya sebule, pale kwenye alama nne za kitanda. Simu mkononi. Nikasubiri. Sikuwahi kusubiri mlio kwa woga ule. Nikamsikia Mama Printa kule ndani, "Bonyeza, dada. Bonyeza." Kimya. Hakutaka kubonyeza. "Dada, mara moja tu."

Simu ikalia.

Nikakimbia. Lilikuwa jaribio tu, nilijua ni jaribio, na goti langu lilikuwa limefungwa bandeji, na mimi si mtu wa kukimbia. Nilikimbia. Niligonga meza, nikapiga teke ndoo koridoni, maji yakamwagika, nikaingia chumbani nikishikilia fremu ya mlango kwa mikono miwili, nahema. Mke wangu alikuwa anatazama mlango. Alinitazama usoni, akatazama bandeji, akanitazama usoni tena.

Nikarudi mbele. Nikatoka nje ya geti, nikaingia, nikasimama. Ikalia. Nikakimbia. Mara ya tatu niliteleza kwenye maji ya ndoo nikaanguka, nikainuka, nikafika. Mara ya nne alibonyeza kabla Mama Printa hajamwambia.

Sijui zilifika mara ngapi. Bandeji ilikuwa imelowa, na nilikuwa nimeegemea ukuta, kifua kinaniuma, wakati Mama Printa alipotoka akanizuia koridoni kwa mkono wake.

"Mzee wangu, inatosha. Inafanya kazi."

"Najua," nikamwambia. "Mwambie abonyeze tena."